Ng'ombe wa Kurudi

Kefa Mtewele wa Kichiwa alikuwa mtu mwema, tusimsingizie. Hakuiba, hakumpiga mkewe, na kwenye pombe ya ulanzi hakuonekana, angalau si mchana. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda kutoa mbele za watu. Kutoa kimyakimya kulimuumiza kichwa. Hata sadaka ya Jumapili aliitumbukiza kapuni kwa mkono wa juu, ili sarafu ianguke kwa kishindo na waliokaa nyuma wasikie. Na mnada wa mavuno ulipofika, lo, siku hiyo Kefa alikuwa bwana harusi.

Mnada wa Kichiwa ulikuwa na desturi yake. Watu wakishavuna walileta kanisani walichojaliwa: debe la mahindi, kikapu cha njegere, kuku, mbuzi. Mwalimu Yoeli, aliyejaliwa sauti ya tarumbeta, alisimama mlangoni akanadi. Lakini kitu cha mtu mzito hakikuachwa kiende. Shemeji yake alikinunua, akalipa, kisha akatangaza, "Namrudishia mwenyewe!" Wanawake wakapiga vigelegele. Fedha ilibaki kanisani, kitu kikarudi nyumbani, na mwenye kitu akaondoka na sifa bila kupungukiwa hata unyoya. Mwaka wa pili na yeye alimnunulia shemeji yake vivyo hivyo. Jogoo wa Kefa alikuwa ameuzwa na kurudishwa mara nyingi mpaka watoto wakambandika jina la Mzee wa Kanisa.

Mkewe, Esteria, hakuwa na ugonjwa huo. Yeye alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa na sababu.

Binti yao wa pekee, Ema, alifia njiani. Uchungu ulimshika, wakunga wa kijijini wakahangaika naye wakashindwa, wanaume wakambeba kwa machela kuelekea hospitali ya misheni. Hawakufika. Mtoto alizaliwa kando ya njia, kwenye nyasi zenye umande. Mtoto akalia, mama yake akanyamaza. Esteria alikuwapo. Yeye ndiye aliyekata kitovu.

Baada ya matanga watu walimwambia amwachie Mungu. Esteria akajibu, "Mungu nimemwachia, ila wazee wa kanisa siwaachi." Aliwaandama. Aliwafuata mashambani, aliwangoja mlangoni kwa Mchungaji Sila, aliwauliza swali lilelile: Kichiwa itajenga lini nyumba ya wazazi, mahali pa mama kujifungulia? Enzi zile Mwingereza yuko Boma, Njombe, na Boma lilikuwa na mambo yake, barabara na kodi. Mwishowe daktari wa misheni akasema, "Jengeni wenyewe kuta, ezekeni bati, nami nitawaletea mkunga aliyesoma. Lakini chini ya nyasi simleti. Nyasi humwaga uchafu na wadudu juu ya mzazi." Basi watu wakafyatua matofali ya udongo, wakainua kuta. Bati ndilo lililokosekana. Na matofali yenyewe yalikuwa mabichi, hayakuchomwa. Mvua ya kwanza ingeyarudisha kuwa tope, na mkunga angepelekwa kijiji kingine.

Sasa, mabati Kichiwa yalikuwapo. Yalikuwa ghalani kwa Kefa. Kwa miaka mingi, kila alipouza magome ya miti yake ya miwati, Kefa alikwenda Makambako kwa Mhindi akanunua bati moja au mawili, akayalaza chini ya mikeka. Alitaka kuezeka nyumba yake. Jioni aliingia ghalani akaligonga la juu kwa kidole, akausikiliza mlio wake, akatoka anatabasamu. Esteria alipomwuliza kama hayo yasingefaa kwa nyumba ya wazazi, Kefa alimtazama kana kwamba ameombwa jino. "Hayo ni ya uzee wangu," alisema. "Nataka kulala nikisikia mvua juu ya bati." Neno hilo halikumtoka Esteria moyoni.

Kulikuwa na ng'ombe pia. Ema alipoolewa, pamoja na mahari ya baba ilitolewa zawadi ya mama, mkaja, ya kumshukuru kwa tumbo alilolifunga baada ya kumzaa binti. Kwa Esteria mkaja huo ulikuwa mtamba mweusi mwenye baka jeupe usoni, na jina lake likawa hilohilo, Mkaja. Mkaja ni wa mama. Baba hauzi wala hagawi, hata adaiwe na nani. Ng'ombe huyo alizaa muda mfupi kabla ya Ema kufa, na maziwa yake ndiyo yaliyomweka hai mtoto wa Ema, aliyeitwa Dorkasi. Baba wa mtoto alikuwa Tanga kwenye mkonge na mkataba wake haujaisha. Esteria alichanganya maziwa na maji yaliyochemka, akamnywesha mjukuu wake kwa kijiko, asubuhi, mchana na jioni.

Siku ya mnada wa mavuno, ambao mwaka huo fedha yake ilikuwa ya kununulia bati la nyumba ya wazazi, Kefa alirudi kutoka zizini akiwa amevaa koti lake la kanisani.

"Mama Ema," alisema, "leo nampeleka Mkaja mnadani."

Kijiko cha Esteria kilibaki hewani. "Unampeleka nani?"

"Kumtembeza tu, mke wangu. Fedha yote ya magome nimeshampa shemeji Manase. Atanunua, atarudisha, na kabla ya kukamua jioni ng'ombe yuko zizini."

"Peleka jogoo."

"Jogoo! Nyumba inayojengwa kwa ajili ya mtoto wangu, mimi nitoe jogoo? Watu watanionaje?"

Esteria alitaka kukataa. Lakini fedha ya magome ilikuwa fedha kweli, na ingekwenda kwenye bati. Manase alikuwa kaka yake tumbo moja. Na tuseme kweli, yeye naye alizaliwa Kichiwa, na tangu azaliwe hakuwahi kuona kitu cha mtu mzito kikinunuliwa kisirudi.

"Ndama abaki," alisema.

"Ndama abaki," Kefa akakubali upesi, akaenda kumpiga Mkaja brashi.

Ilikuwa Jumamosi ya baridi, ukungu umeshika vilima mpaka jua lilipopanda. Uwanja wa kanisa ulijaa. Walikuja Walutheri wa vijiji vyote vya jirani, na safari hii walikuja hata Wakatoliki, kwa sababu Esteria mwenyewe alikuwa amekwenda kuwaalika. "Mtoto hatoki tumboni na dhehebu," aliwaambia. Huko Makambako alisimama hata mbele ya banda la Alois, mchinjaji, mzaliwa wa Uwemba, mtu mnene mwenye kofia ya nyasi ambayo hakuivua ila kwa padre. Alois alimsikiliza mpaka mwisho, akafuta kisu chake. "Nitakuja, mama," alisema. "Na sitakuja kutazama tu." Esteria alirudi nyumbani amefurahi.

Ilipofika zamu ya wanyama, Kefa alimwingiza Mkaja uwanjani kwa kamba mpya. Alikohoa. Alingoja mpaka hata watoto wakanyamaza.

"Kutoa ni moyo," alisema, "usambe ni utajiri. Tena Maandiko yanatuambia mume na mke ni mwili mmoja. Changu ni chake, chake ni changu. Kwa hiyo mimi na mama Ema, kwa ajili ya nyumba ya wazazi, tunatoa ng'ombe!"

Vigelegele viliamsha mbwa wa kijiji kizima. Esteria, mtoto yuko mgongoni, alijikuta anatabasamu. Aliona fahari, hakuweza kuizuia. Alifikiri, Ema angekuwapo angecheka.

Yoeli alianza kunadi. Mmoja akasema arobaini, mwingine hamsini, kwa heshima tu, maana walijua ng'ombe ni wa nani na atanunuliwa na nani. Manase akajitokeza mbele, akatia mikono mfukoni kama tajiri, akasema, "Themanini!" Alilisema kama mtu anayefunga mlango. Watu wakaanza kupiga makofi.

"Mia," ilisema sauti ya nyuma.

Makofi yakakatika. Alois alikuwa amenyanyua mkono juu ya vichwa vya watu ili aonekane.

Manase aligeuka. Alimtazama Kefa. Kefa alijivuta sikio, maana yake, ongeza. Manase akamwonyesha viganja vitupu, maana yake, niongeze nini? Themanini ndizo alizopewa. Yoeli, maskini, alijitahidi. "Mia mara ya kwanza" aliitangaza kwa haraka, lakini "mara ya pili" aliikokota, na "mara ya tatu" aliivuta ndefu kama wimbo wa maziko, akimtazama kila mwanamume usoni, mpaka pumzi ikamwishia.

Alois alilipa noti juu ya noti. Watu wote wakangoja lile neno. Alois akashika kamba.

"Sasa, ndugu Alois," Yoeli alisema, akitabasamu kwa shida, "kwa kawaida hapa kwetu mnunuzi huwa na neno."

"Neno?" Alois alifikiri kidogo. "Ndiyo. Ng'ombe mzuri." Akamvuta Mkaja, akaondoka.

Ebo! Mdomo uliponza kichwa. Kefa alibaki katikati ya uwanja na koti lake, mkono bado umekunjwa kama umeshika kamba. Esteria alipenya katikati ya watu mpaka kwake.

"Mwambie," alisema.

"Nimwambie nini? Kwamba tulikuwa tunatania?"

"Mwambie ni maziwa ya mtoto."

"Mbele ya watu wote hawa, mama Ema?" Kefa alinong'ona. "Mbele ya Wakatoliki?"

Esteria angeweza kupiga kelele yeye mwenyewe. Pumzi ilikuwapo. Lakini wakati uleule Mchungaji Sila aliinua kopo la fedha juu, machozi yanamlengalenga, akatangaza, "Ndugu zangu, bati limetimia!" Wanawake wakaanza kucheza. Wengine walimkumbatia Esteria, wakamwambia, Mama Ema, nyumba yako hiyo, umeipata. Fedha ya Mkaja ilikuwa ndani ya kopo lile. Kumdai ng'ombe kulikuwa ni kulivua bati kabla halijapigwa msumari. Esteria alisimama anakumbatiwa, akiona ng'ombe wake anapotelea barabarani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakujua la kufanya.

Nyumbani ndama alikuwa analia. Dorkasi naye aliamka akaanza kulia. Esteria akakaza mbeleko, akamfunga ndama kamba shingoni, akashika barabara ya Makambako.

Alifika jua linazama, miguu imemvimba. Hakuhitaji kuuliza nyumba. Mkaja alikuwa analia zizini kwa Alois, na mtaa mzima ulikuwa umetoka kumtazama. Aliposikia sauti ya ndama wake aligeuka akagonga ua kwa pembe.

"Kamwene," Esteria alisalimu.

"Kamwene, mama," alijibu Alois, ameduwaa. "Ndama sikumnunua mimi."

"Najua. Nimemleta ili mama yake ateremshe maziwa."

Hakungoja ruhusa. Alimwacha ndama anyonye kidogo, kama ng'ombe wetu wanavyotaka, maana bila ndama hawatoi hata tone, kisha akamfunga kwenye mguu wa mbele wa mama yake, akachuchumaa, akakamua. Mke wa Alois, Teodora, alitoka jikoni akatazama. Alimwona mtoto mgongoni, akayaona maziwa, akarudi ndani bila kuuliza akaleta maji ya moto na kijiko. Dorkasi alikunywa mpaka akalala na kijiko mdomoni.

Ndipo Esteria akaeleza: Ema, mkaja, mnada, na lile neno la kurudisha. Alois alisikiliza, kisha akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha kicheko kikamwisha, akaghadhibika.

"Kwetu Uwemba kitu kikinadiwa kimekwenda. Kwa hiyo pale uwanjani nyote mlikuwa mnacheza? Mimi peke yangu ndiye niliyenunua?"

"Na mimi peke yangu ndiye niliyetoa," alisema Esteria.

Alois alivua kofia, akaigeuzageuza mikononi. Teodora alimtazama mumewe, na mumewe akayakwepa macho yake.

"Sikiliza, mama," alisema hatimaye. "Mimi si mtu mbaya, lakini mtaji wangu wote umeingia kwenye lile kopo. Jumatatu malori ya Mbeya na Iringa yanalala hapa, na wasafiri wanataka nyama. Nirudishieni mia yangu, mchukue ng'ombe wenu hata leo. La sivyo Jumatatu alfajiri nachinja."

"Mia yako ni bati la wazazi. Siwezi kuomba urudishiwe."

"Sasa unaniomba nini?"

Esteria alimtazama mtoto. "Kesho nzima," alisema. "Usimguse kesho nzima. Na mtoto abaki hapa, mama akikubali. Akae na maziwa yake."

Teodora alikwisha kumpakata. Esteria hakuwahi kulala mbali na mtoto yule tangu siku ile ya kando ya njia. Alijilaza pembeni mwa jiko kwa watu asiowajua, na moyo ulimwuma. Lakini kabla jogoo hawajawika alikuwa ameshalipata neno lake, akaondoka huku ukungu bado umelala barabarani.

Alipita nyumbani kwanza. Kefa alikuwa ameshakwenda kanisani, amekaa benchi la mbele kama kawaida yake, ingawa safari hii, wanasema, hakuimba. Esteria aliingia ghalani. Aliinua mikeka, akavuta bati la juu, akaliweka kichwani, akatoka nalo.

Ulikuwa unavuma upepo wa Julai. Bati lilinguruma kichwani mwake njia nzima. Watu walikuwa ndiyo kwanza wanatoka kwenye ibada, na Yoeli ameshapanga madebe ya mahindi yaliyosalia jana, waliposikia ngurumo na mbingu haina wingu. Wakageuka. Wakamwona mke wa Kefa anapanda kilima, nguo imejaa vumbi la Makambako, miguu imepauka, amejitwisha bati. Alifika mpaka mbele ya Yoeli akalitupa chini. Lilianguka kwa kishindo kiasi kwamba waliobaki kanisani nao wakatoka.

"Mama Ema," Yoeli alisema kwa uangalifu, "nini hiki?"

"Bati. Mengine yako ghalani, na yanatosha paa lote, nyote mnajua." Alijifuta jasho. "Jana baba Ema alisema mume na mke ni mwili mmoja. Alisema vizuri. Changu ni chake, chake ni changu. Jana alitoa changu. Leo natoa chake."

Kila mtu alimtazama Kefa. Kefa alitazama bati. Yoeli, aliyekuwa amechanganyikiwa kabisa, alifanya lile alilolizoea: akapaza sauti. "Bati! Bati zuri la Mzee Kefa! Nani atasema?"

Na Manase, mtu wa watu, aliyekuwa hajapata usingizi kwa aibu ya jana, akaona hii ndiyo nafasi ya kumwokoa shemeji yake. "Shilingi tano!" alipiga kelele, hata mwingine hajafungua mdomo. "Namrudishia mwenyewe!"

Wengine walicheka. Walidhani basi, mambo yamekwisha kwa desturi, kama siku zote. Esteria akamgeukia kaka yake.

"Mwenyewe ni nani, kaka?"

Manase akamwelekeza Kefa kwa kidevu.

"Huyo si mwenyewe. Mwenyewe wa bati hili ni Ema," alisema Esteria. "Haya, mrudishie. Njia unaijua. Machela ulishika wewe."

Manase aliinamisha kichwa. Alikuwa ameshika upande wa miguu, na alikumbuka uzito ulivyobadilika. Akaanza kulia palepale, mwanamume mzima, na hakuna aliyemcheka. Upepo uliinua ncha ya bati ukaiangusha, ukainua tena.

Watu walimsubiri Kefa. Waliomjua walisubiri hotuba, au matusi. Kefa alitoka katikati ya wazee, akaja, akaliwekea bati mguu lisipeperuke.

"Yachukueni," alisema.

Alilisema polepole mno, hata Yoeli akauliza, "Umesemaje, mzee?" Kefa hakurudia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoa kitu watu wa nyuma wasisikie.

Wanawake ndio waliokwenda ghalani. Waliyatoa mabati yote wakayapanga kwenye kuta za nyumba ya wazazi kabla mtu hajabadili mawazo. Esteria akaeleza sharti la Alois, na Mchungaji Sila akafungua kopo, akatoa noti zake, akampa Kefa mkononi. Hakuongeza mahubiri, Mungu ambariki. Esteria alitaka kufuatana na mumewe, lakini miguu ilimgomea, akakaa chini ya ukuta na bakuli la uji. Kefa akaenda peke yake.

Kesho yake asubuhi Kichiwa iliona jambo ambalo haijalisahau. Kefa Mtewele alitokea barabara kuu, mkono mmoja kamba ya ng'ombe, mkono wa pili kamba ya ndama, na mgongoni, kwa kanga ya Teodora, amembeba mtoto. Mwanamume, tena mzee wa kanisa, na mbeleko! Vijana walijificha nyuma ya mianzi kucheka. Kefa hakuchepuka njia ya nyuma. Alipita katikati ya kijiji mpaka mlangoni kwake, akageuka ili Esteria amfungue fundo.

"Alois amesemaje?" Esteria aliuliza.

"Amesema mwakani tumwalike tena," alijibu Kefa, "ila tumweleze kwanza."

Bati likapigwa misumari. Mvua ilipokuja ilizikuta kuta zimekwisha vaa kofia, na mkunga aliyesoma amekwisha fika. Nyumba ya Kefa ilibaki ya nyasi. Usiku wa mvua aligeuka kitandani akatega sikio upande wa nyumba ya wazazi, na mara moja tu alisema, "Linasikika mpaka huku." Esteria akajibu, "Linasikika."

Mwaka uliofuata mavuno yakafika, na mnada ukafika. Alois alikuja na Teodora, akaelezwa kwanza, akasema ameelewa. Dorkasi alikuwa ameshaanza kutembea, ameshika nguo ya bibi yake. Kefa alimleta jogoo wake, Mzee wa Kanisa, aliyezeeka mpaka hata kuwika kulimchosha. Hakutoa hotuba. Manase alitaja bei, hakuna aliyeongeza, akalipa, akavuta pumzi.

"Namru..."

"Usinirudishie, shemeji," alisema Kefa.

Manase alishika jogoo asijue amfanyeje. "Sasa nimpeleke wapi?"

"Kuna mzazi kule tangu alfajiri. Achemshiwe mchuzi."

Watu hawakupiga vigelegele, maana hawakujua kama hapo hupigwa. Esteria ndiye aliyecheka. Alicheka mpaka akafuta macho, kisha akamchukua jogoo kwa mabawa, akamshika mjukuu wake mkono, akaelekea nyumba ya wazazi. Alikuwa hajafika mlangoni aliposikia ndani, chini ya bati la Kefa, mtoto akilia, na mama yake akimwitikia.